Mvua Haina Kesi ya Kujibu

Ndege ya abiria ikianguka kabla ya kufika uwanjani katika nchi zetu za maziwa makuu, sababu hutangazwa kabla moto haujazimika. Ni mvua. Julai 8, 2011, Boeing 727 ya Hewa Bora iliyotoka Kinshasa ilidondoka msituni ikielekea kutua Bangoka, Kisangani, na zaidi ya watu 70 wakafa. Siku hiyohiyo tukaambiwa ni hali mbaya ya hewa. Machi 4, 2013, Fokker 50 ya kampuni ya CAA iliyotoka Lodja ilianguka katikati ya nyumba za watu Goma, ikiwa karibu kutua. Ikatajwa mvua tena. Novemba 6, 2022, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria mbele ya uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwa ndani, 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo, na mvua ilikwisha kutajwa wakati wavuvi bado wanaivuta ndege kwa kamba.

Hapa Kirungu, mashariki ya Kongo, maelezo hayo yamekubalika kila mahali. Utayasikia baada ya misa, utayasikia bandarini Moba, utayasikia kwa watu wanaosubiri ndege ya kwenda Lubumbashi. Mtu akiuliza kwa nini ndege ilitua majini au porini badala ya kutua kwenye njia yake, anajibiwa kwa neno moja, na mazungumzo yanakwisha. Mimi nasema jibu hilo ni la uongo, na linaendelea kuua.

Wanaolisema wana hoja, na nitaieleza kama wanavyoieleza wao. Anga yetu ni kali. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko karibu kote duniani. Mawingu ya dhoruba juu ya Ziwa Tanganyika hujikusanya kwa muda mfupi, na mtu aliyekuwa akiona milima ya ng'ambo saa nne asubuhi huenda asione hata mtumbwi wa jirani saa tano. Rubani ni binadamu, ndege ni chuma, na upepo hauna bosi. Wako pia wanaoongeza kwamba saa ya mtu ikifika imefika, na kutafuta wa kulaumiwa ni kuwaongezea wafiwa machungu. Hoja hii haitoki kwa wajinga. Inatoka kwa watu waliozika ndugu zao na wanaotafuta amani. Lakini ukiipeleka mbele ya ukweli wa jinsi ndege inavyotua, haisimami.

Kwanza: mvua haishushi ndege, kimo ndicho kinachokosewa

Ndege ya abiria hushuka kwa mteremko wa nyuzi tatu. Maana yake, kwa kila kilomita moja inayobaki kabla ya mahali magurudumu yatakapogusa chini, ndege inatakiwa kuwa juu kiasi cha mita 52. Zikibaki kilomita tano, iwe mita 260. Kutua kabla ya uwanja ni kuwa chini ya mstari huo na kubaki chini yake mpaka mwisho. Basi swali la mtu mwenye nia ya kujua si kama kulikuwa na mvua. Swali ni hili: nini kiliiweka ndege chini ya mstari, na kwa nini hakuna aliyeirudisha juu?

Majibu yanayowezekana ni mengi na yanajulikana. La kwanza ni altimita. Chombo hiki hakioni ardhi. Kinapima kanieneo ya hewa na kuigeuza kuwa kimo, kwa hiyo lazima rubani akipe kipimo cha hewa ya uwanja ule, saa ile, na kipimo hicho hukipata kwa mtu wa mnarani. Kipimo kikiwa cha jana, au kikisikika vibaya redioni, tofauti ya hektopaskali 10 tu hupotosha kimo kwa zaidi ya mita 80. Katika mteremko wa nyuzi tatu, mita 80 zinatosha kuifikisha ndege ardhini kilomita moja na nusu kabla ya mahali pake, huku rubani akisoma namba zinazomwambia kila kitu kiko sawa.

La pili ni jicho. Usiku, juu ya msitu au juu ya ziwa lisilo na taa, rubani anayeona mwanga wa uwanja peke yake mbele hujidhani yuko juu kuliko alivyo, naye hushuka zaidi. Maji yanayotiririka kwenye kioo cha mbele huleta udanganyifu uleule mchana. Hapa ndipo mvua inapoingia kweli, na hapa ndipo dawa yake ilipo, kwa sababu udanganyifu huu ulipatiwa ufumbuzi zamani. Kando ya njia ya kurukia huwekwa taa nne kwa mstari mmoja, zinaitwa PAPI. Ukiwa kwenye mteremko sahihi unaona mbili nyeupe na mbili nyekundu. Ukianza kuwa chini, nyekundu zinakuwa tatu. Zikiwa nyekundu zote nne, uko chini mno, na hujahitaji kompyuta wala digrii kulijua hilo. Ni taa nne, umeme wa kuziwasha, na fundi wa kuzipima na kuzifuta vumbi.

La tatu ni mwendo. Kanuni inayofundishwa duniani kote ni kwamba ndege inayotua ndani ya mawingu, ikifika futi 1,000 juu ya uwanja, yaani kama mita 300, iwe imekwisha kutulia: magurudumu chini, kasi sahihi, mshuko wa kawaida, injini katika nguvu inayotakiwa. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, rubani anaongeza nguvu, anapaa tena na kuanza upya. Hapaswi kujadiliana na nafsi yake. Kwa hiyo ndege iliyogonga miti kabla ya uwanja ilipita mahali ambapo mtu alitakiwa kusema "tupae". Aliyechunguza lazima atueleze kwa nini neno hilo halikusemwa, au lilisemwa likachelewa.

Njia ya Bangoka ina urefu wa mita 3,500 hivi, miongoni mwa ndefu kuliko zote Kongo. Ndege ya Hewa Bora haikukosa lami ya kutosha. Haikuifikia.

Pili: hata dhoruba ya kweli haikubali kubeba lawama peke yake

Wanaotetea mvua wana mfano mmoja wenye nguvu, nami nautaja kwa niaba yao. Aprili 4, 2011, ndege ya CRJ iliyokuwa ikiendeshwa na Georgian Airways kwa ajili ya Umoja wa Mataifa ilianguka N'Djili, Kinshasa. Ilikuwa na watu 33, akapona mmoja. Pale kulikuwa na dhoruba kweli. Safu ya hewa baridi na nzito iliporomoka kutoka mawinguni na kusambaa ardhini pande zote. Wataalamu huiita maikrobasti. Ndege ikiingia humo hupokea kwanza upepo wa mbele, kasi inapanda, inaelekea kuelea, na rubani hushawishika kupunguza nguvu. Sekunde chache baadaye hewa inaisukuma chini, kisha upepo unageuka kuwa wa nyuma, kasi inaporomoka, na injini za jeti zilizopunguzwa huchukua sekunde kadhaa kurudisha nguvu kamili. Karibu na ardhi, sekunde hizo hazipo.

Sasa tazama ripoti ya uchunguzi ilisema nini. Ilikubali kwamba ndege ilikutana na mporomoko wa hewa ikiwa chini sana, wakati inajaribu kupaa tena. Lakini haikuishia hapo. Ilitaja uamuzi wa marubani wa kuendelea kushuka ilhali rada ya ndege yenyewe ilikuwa ikiwaonyesha hali mbaya sana mbele yao. Ikataja pia kwamba uwanja haukuwa na vifaa vya kuitambua na kuifuatilia dhoruba, kwa hiyo waongoza ndege hawakuweza kutoa onyo mapema. Na huo ni uwanja wa mji mkuu. Ikiwa ajali ambayo dhoruba ilikuwa na mkono mkubwa kiasi hicho iligunduliwa kuwa na uamuzi wa binadamu na upungufu wa vifaa ndani yake, kwa haki gani tunafunga faili la Kisangani na la Goma kwa neno "mvua"?

Marekani nayo iliwahi kusimama tulipo sisi. Juni 24, 1975, Boeing 727 ya Eastern iligonga nguzo za taa kabla ya njia ya uwanja wa John F. Kennedy, New York, na watu 113 walikufa. Ingekuwa rahisi kusema ilikuwa radi na kufunga kitabu. Tetsuya Fujita, mtaalamu wa Kijapani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alichambua upepo wa siku ile mpaka akaonyesha hewa iliporomokaje na wapi. Viwanja vikaanza kuwekewa vipima upepo vya kutoa onyo. Agosti 2, 1985, ndege ya Delta iliangushwa na upepo wa aina hiyohiyo kabla ya kufika njia ya Dallas, watu 137 wakafa, na serikali ikalazimisha ndege za abiria ziwe na vyombo vya kugundua mabadiliko hayo ya upepo. Viwanja vikubwa vikapata rada maalumu. Mvua ya Texas haikupungua. Vifo vya namna hiyo vilipungua kwa sababu watu walikataa kuiachia mvua kesi.

Tatu: ndege hufupisha safari hata jua likiwaka

Kama mvua ndiyo sababu, siku isiyo na mvua kusingekuwa na ajali hizi. Zipo. Januari 17, 2008, Boeing 777 ya British Airways iliyotoka Beijing iligusa majani mita 330 hivi kabla ya lami ya Heathrow, London. Ilikuwa na watu 152, hakuna aliyekufa. Injini zote mbili zilikataa kuongeza nguvu dakika ya mwisho. Wachunguzi hawakuwa na jibu siku ile, wala mwezi ule. Walifanya kazi miaka miwili, wakagundua kwamba chembe za barafu zilizojikusanya katika mabomba ya mafuta wakati wa safari ndefu ya baridi zilibanduka pamoja na kuziba kifaa cha kupasha mafuta moto. Kifaa kikabadilishwa muundo, na ndege nyingine za aina hiyo zikaendelea kuruka kwa usalama kwa sababu kuna watu walistahimili kusema "bado hatujui" kwa muda mrefu hivyo.

Julai 6, 2013, mchana mweupe, Boeing 777 ya Asiana iligonga ukuta wa bahari mbele ya njia ya San Francisco, watu watatu wakafa. Mtambo unaowaonyesha marubani mteremko kwa redio ulikuwa umezimwa kwa ajili ya ujenzi, na wao waliamini kompyuta inawalindia kasi, kumbe sivyo. Februari 25, 2009, ndege ya Turkish Airlines ilianguka shambani kabla ya uwanja wa Amsterdam, tisa wakafa: chombo kimoja cha kupima kimo kilidanganya kwamba ndege iko chini ya ardhi, mfumo ukapunguza nguvu za injini wenyewe, na watu watatu waliokuwa mbele wakachelewa kuona kasi inavyoisha.

Barafu katika mafuta, imani iliyopitiliza kwa kompyuta, chombo kimoja kibovu. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ingejulikana kama jibu la kwanza lingepokelewa kuwa la mwisho. Ndiyo maana siwasikilizi pia wale wanaodhani wamekuwa wajanja kwa kubadilisha wimbo na kusema "kosa la rubani" au "ndege kuukuu". Nayo ni maneno ya kufungia mlango. Rubani amefunzwa na nani, amelala saa ngapi, ameelekezwa nini na mwajiri wake? Ndege kuukuu imekaguliwa na nani, na cheti chake kimesainiwa wapi?

Nne: mvua ni ileile, wasimamizi ndio tofauti

Ethiopian Airlines na Kenya Airways hupita katika anga hilihili la Kongo na kutua Kinshasa msimu wa mvua kama wengine wote. Umoja wa Ulaya ulipotoa orodha yake ya kampuni zisizoruhusiwa kutua kwao mwaka 2006, uliziweka humo kampuni za Kongo, na sababu yake ilikuwa udhaifu wa usimamizi wa usalama. Mawingu hayakuwa na nafasi katika orodha hiyo.

Abiria wa Kongo naye hasafiri bure. Tangu 2009 analipa ada ya Go Pass kwa Régie des Voies Aériennes, shirika la serikali la viwanja vya ndege, ilianza na dola 10 kwa safari ya ndani na 50 kwa safari ya nje, juu ya bei ya tiketi, na madhumuni yaliyotangazwa ni kuendeleza viwanja. Mama wa Kalemie anayekwenda kutibiwa Lubumbashi huilipa dirishani kabla hajaona mlango wa ndege. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza: katika uwanja nitakaotua, taa za PAPI zinawaka? Kipimo cha kanieneo anachopewa rubani kimesomwa na mtu wa METTELSAT, shirika letu la hali ya hewa, saa hii au asubuhi? Kuna mtambo wa redio wa kuonyesha mteremko, na mara ya mwisho ulipimwa lini? Mvua ikikubaliwa kuwa mkosaji, maswali haya yote yanakufa, na fedha hazina wa kuzidai.

Lipo jambo linalotuhusu sisi abiria pia, na sitalikwepa. Rubani akigeuza na kuturudisha tulikotoka kwa sababu ya wingu, tunampigia kelele, tunadai mizigo yetu inaoza, tunasema yule wa juzi alitua katika mvua kubwa kuliko hii. Aliyetua kwa bahati tunamshangilia, aliyekataa kwa busara tunamwita mwoga. Mwenye kampuni naye anahesabu mafuta yaliyoungua bure na abiria wa kurudishiwa nauli. Tunamsukuma rubani kuelekea kwenye wingu, kisha wingu likimmeza tunasema ni kazi ya Mungu. Naiheshimu imani ya watu wa Kirungu, ni imani yangu. Lakini kumpa Mungu hesabu ya taa ambazo hazikununuliwa ni kumsingizia.

Tano: gharama ambayo haitajwi

Gharama ya kwanza ni ya mahakamani. Mkataba wa Warsaw wa 1929, ambao ndio uliojenga sheria ya usafiri wa anga, ulimruhusu msafirishaji kujinasua akithibitisha kwamba alichukua hatua zote zinazohitajika kuepusha madhara. Serikali inaposimama siku ya kwanza na kutangaza kuwa ni hali ya hewa, imemwandikia msafirishaji nusu ya utetezi wake kabla mjane hajapata wakili.

Gharama ya pili ni uokoaji. Bukoba, wavuvi walifika kwanza kwa mitumbwi yao. Ripoti ya awali ya Tanzania ilieleza kuwa boti ya polisi wanamaji ilichelewa, na ilipofika ilikuwa na upungufu wa mafuta na wa oksijeni ya wapiga mbizi. Uwanja uko ukingoni mwa ziwa, na kila anayetua upande ule hupita juu ya maji. Hakuna mvua iliyozuia mitungi ya oksijeni isijazwe. Kalemie nako kuna ndege na kuna ziwa. Atakayeuliza leo ni boti ipi iliyo tayari na wapiga mbizi ni akina nani, ataambiwa anatabiri mabaya.

Ya tatu tunaijua sisi wa ziwani kuliko wote. Desemba 2014 meli ya Mutambala ilizama Ziwa Tanganyika, na zaidi ya watu 120 walikufa. Upepo ulitajwa, na pamoja nao ulitajwa mzigo kupita kiasi. Katika midomo ya watu kilichobaki ni upepo. Mzigo ulisahauliwa upesi kwa sababu una wenyewe, una aliyeupakia na aliyepokea pesa na kuruhusu meli ing'oe nanga. Upepo hauna ndugu wa kuutetea, kwa hiyo ndio unaosingiziwa, majini na angani.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, zinataka ripoti ya awali ndani ya siku 30 na ripoti ya mwisho ndani ya miezi 12 inapowezekana. Nchi yetu ina ofisi ya kudumu ya kuchunguza ajali za ndege, na ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ninachowaomba si kingi. Siku ya ajali, waziri aseme idadi ya waliokufa, waliopona na hospitali walipo, kisha anyamaze kuhusu sababu. Visanduku vyeusi vifunguliwe mbele ya wawakilishi wa familia. Ripoti za Kisangani na Goma zisomwe redioni kwa Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na orodha ya kilichoagizwa kurekebishwa na jina la ofisi iliyoagizwa. Nawe msomaji unayelipa Go Pass wiki ijayo, usiondoke dirishani bila kuuliza kama taa za uwanja unaokwenda kutua zinawaka.